Mwalimu Arudiapo Kuwa Mwanafunzi

Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hii twawafundisha watoto wetu kila mwaka, nao waikariri vizuri. Lakini mara nyingi sisi waalimu tumeitumia kwa upande mmoja tu. Twamtaka mtoto aulize, ila akiuliza neno ambalo jibu lake hatulijui, twamkasirikia. Katika habari hii twapenda kueleza mambo ya zamani na ya siku hizi yaonyeshayo ya kuwa mwalimu naye hana budi kurudi kuwa mwanafunzi. Tena si kwa kusoma vitabu peke yake, bali kwa kuingia katika nyumba za uchunguzi, ziitwazo maabara, na kujaribu mambo kwa mikono yake. Tutaanza na kosa letu wenyewe, asije mtu akadhani twawanyoshea wengine kidole.

1. Swali mbele ya Kimondo

Sisi ni wenyeji wa mkoa wa Songwe, uliotengwa na mkoa wa Mbeya mwaka wa 2016. Makao yake makuu ni Vwawa, na mlango wake wa kwendea Zambia ni mji wa Tunduma. Katika wilaya ya Mbozi, karibu na kijiji cha Ndolezi, kipo kitu ambacho watu hutoka mbali kuja kukitazama, nacho ni Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lililoanguka kutoka juu mbinguni.

Mwaka mmoja tuliwapeleka wanafunzi wetu kukiona. Tulikuwa tumejitayarisha: tumeandika urefu wake na uzito wake, nao wakanakili katika madaftari. Kijana mmoja, yapata umri wa miaka kumi na mitatu, hakuandika. Alikizunguka Kimondo mara mbili, akainama kuitazama ardhi, kisha akasema, “Mwalimu, ikiwa kitu hiki kizito hivi kilianguka kutoka juu, shimo lake liko wapi?”

Hatukujua. Nasi, badala ya kusema kwamba hatujui, tulimwambia aache mchezo na kuandika kama wenzake. Wenzake wakacheka. Kijana akanyamaza, akaandika. Tangu siku ile hata alipomaliza shule hatukumsikia tena akiuliza neno darasani. Siku zile tulidhani amepata adabu. Leo twajua ya kuwa tulimfunga mdomo.

2. Habari za Kimondo chenyewe

Kimondo kile wenyeji wa Mbozi walikijua zamani, kabla mgeni yeyote hajakiandika. Mwaka wa 1930 mpima ardhi aitwaye W. H. Nott, mtu wa Johannesburg, alikiona, na habari zake zikaanza kuenea katika nchi za nje. Baadaye mtaalamu wa miamba wa serikali ya Tanganyika, D. R. Grantham, alikata kipande chake kwa ajili ya uchunguzi. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa. Walipotaka kukiona chote walichimba handaki kukizunguka, wakakiacha kimekaa juu ya udongo kama juu ya kiti. Urefu wake ni kama meta tatu. Hapo kwanza uzito wake ulikadiriwa kuwa tani 25, lakini hesabu za baadaye zimeupunguza hata tani 16 hivi. Mwaka wa 1967 serikali ilikiweka chini ya ulinzi, ili watu wasikimegue.

Angalieni neno hili la uzito. Wenye maarifa walikadiria, kisha wakapima upya, wakakiri ya kuwa hesabu ya kwanza ilizidi. Hakuna aliyewacheka kwa sababu hiyo. Ndiyo desturi ya uchunguzi: jibu la jana huletwa tena mbele ya mizani ya leo.

Kipande kilipochunguzwa katika maabara, kilionekana kuwa karibu sehemu tisa katika kumi ni chuma, na nyingi ya hiyo iliyobaki ni nikeli. Chuma cha vimondo vya namna hii, kikisuguliwa hata king'ae, kisha kikipakwa asidi, huonyesha mistari iliyokatizana kama msuko wa mkeka. Mistari hiyo haipatikani katika chuma kiyeyushwacho na watu, maana hutokea pale tu chuma kinapopoa polepole mno, kwa muda wa mamilioni ya miaka, ndani ya gimba kubwa lililokuwa likizunguka jua. Kwa hiyo aliyetaka kujua asili ya Kimondo hakutosheka kukitazama. Alikata, akasugua, akapaka, ndipo akaona.

Wala jambo hili la kujaribu kwa mikono si geni katika nchi yetu. Mababu wa Kinyiha walisifika kwa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuru ya udongo, wakapanga mawe ya chuma na makaa, wakaangalia moto hata chuma kikatengana na takataka zake. Kazi kama ile haifundishwi kwa maneno matupu. Mtu huijua kwa kukaa tanuruni pamoja na mjuzi, kushika alichoshika na kukosea mbele yake. Basi tanuru lile tungeweza kuliita maabara ya wazee wetu.

3. Kijana aliyechekwa, na mwalimu aliyejaribu

Tulipokuwa tukilitafuta jibu la swali la shimo, tulikutana na habari ya mwanafunzi mwingine wa nchi hii, ambaye jina lake sasa lajulikana duniani pote. Huyu ni Erasto Mpemba.

Mwaka wa 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa haba. Mwenzake mmoja aliwahi kuweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa mahali, aliyaingiza yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu akafungua, akakuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito tu. Akamwuliza mwalimu wa fizikia sababu yake. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Mpemba alikubali kwa wakati ule, lakini hakusahau. Baadaye rafiki yake mmoja, aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, alimwambia ya kuwa yeye huweka maziwa ya moto makusudi, ili yagande upesi, naye alijifunza hayo kwa ndugu yake. Wauza aiskrimu, kumbe, walikuwa wakilitumia jambo ambalo darasani halikukubaliwa.

Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, walifundishwa kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu. Mpemba akauliza tena lile swali. Mwalimu wa huko naye hakuamini. Akasema kwa dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Tangu hapo kila alipokosea hesabu au neno lolote, darasa zima lilimtania kwa maneno hayo. Lakini siku moja alipata nafasi katika maabara ya baolojia, akajaza maji ya bomba katika chombo kimoja na maji ya moto katika kingine, akaviweka katika jokofu. Akaona tena dalili ya yale yale.

Kisha akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipomaliza kuhutubu aliruhusu maswali. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawasawa, kimoja maji yake yana nyuzi 35 za joto na kingine nyuzi 100, ukaviweka katika jokofu, kwa nini kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakamcheka, wakaona amewaaibisha mbele ya mgeni.

Hapa, ndugu zetu waalimu, ndipo penye shina la habari yetu. Osborne naye hakuamini. Elimu yake yote ilimwambia ya kuwa kijana amekosea. Lakini hakumcheka, wala hakumwambia akae chini. Alimwuliza kama kweli amefanya jaribio hilo, akaahidi kulijaribu mwenyewe. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara yake ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda. Akaongeza ya kuwa wataendelea kurudia hata wapate jibu lililo sahihi! Twacheka tusikiapo hayo. Lakini yule fundi alikuwa mtu kama sisi: jibu alikuwa nalo kichwani kabla hajalitazama jokofu.

Mwaka wa 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari ya majaribio hayo pamoja, mwanafunzi na mwalimu, katika gazeti la Uingereza liitwalo Physics Education, ambalo ni gazeti la waalimu wa fizikia. Tangu hapo jambo hilo limechukua jina la Mpemba. Ikaonekana pia ya kuwa Aristotle wa Uyunani, na baadaye Bacon na Descartes, waliwahi kugusia jambo kama hilo katika maandiko yao.

Wala tusidanganyane, neno hili halijaisha. Mwaka wa 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilishindanisha watu waeleze sababu yake, na majibu zaidi ya 22,000 yakaletwa. Mwaka wa 2016 wachunguzi wengine wa Uingereza wakapima kwa uangalifu mwingi, wakasema hawakuliona. Wengine hata leo hulitetea. Hivyo si lazima kusema Mpemba alishinda na waalimu wake walishindwa. Kosa la waalimu wale lilikuwa kutoa hukumu bila kujaribu.

4. Shule ya waalimu chini ya milima ya Ulaya

Mtu atauliza: mwalimu apate wapi moyo wa Osborne, naye amesoma fizikia ubaoni tu, na yapata miaka kumi hajashika chombo? Hilo ni swali la haki. Tuangalie walivyofanya wengine.

Baada ya vita kuu ya pili nchi za Ulaya zilikuwa maskini, na wataalamu wao wengi walikuwa wamehamia Marekani. Nchi 12 zikapatana, na mwaka wa 1954 zikaanzisha maabara moja kubwa ya shirika, iitwayo CERN, karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Sisi watu wa Tunduma twajua maana ya kukaa mpakani. Lakini maabara hii imevuka mpaka wenyewe, hata mtambo wake mkubwa wapita chini ya nchi zote mbili. Mtambo huo ni njia ya mviringo ya kilometa 27, iliyochimbwa kama meta 100 chini ya ardhi. Mtu akitaka kuuzunguka kwa miguu atatembea tangu asubuhi hata alasiri. Humo vipande vidogo mno vya vitu, viitwavyo chembe, huzungushwa kwa kasi kuu na kugonganishwa, ili watu wajue vitu vyote vimeumbika kwa nini. Mwaka wa 2012, tarehe 4 Julai, watu wa hapo walitangaza kwamba wameiona chembe ambayo Peter Higgs na wenzake waliibashiri kwa hesabu mwaka wa 1964. Walingoja miaka 48 ili neno la karatasini lithibitishwe na chombo.

Tangu mwaka wa 1998 maabara hiyo imekuwa ikiwaalika waalimu wa shule za sekondari kutoka nchi nyingi, na Waafrika wamekuwamo, hata jirani zetu wa Msumbiji. Hukaa siku chache au majuma kadhaa. Hawaendi kupata cheo. Huketi madawatini kama watoto, husikiliza wachunguzi, huuliza, hutembezwa mitamboni, kisha hupewa kazi ya mikono.

Mojawapo ya kazi hizo tungependa kuieleza, maana ni nzuri nayo si ya gharama kubwa kama ule mtambo. Ni sanduku la ukungu. Asili yake ni Mskoti mmoja, Charles Wilson, ambaye mwaka wa 1894 alikaa juu ya mlima Ben Nevis akitazama mawingu. Uzuri wake ulimvuta, akataka kuyatengeneza mwenyewe katika chombo. Hata mwaka wa 1911 akaweza kuzionyesha njia za chembe katika ukungu wa chombo chake, na mwaka wa 1927 akapewa Tuzo ya Nobel. Baadaye ikabuniwa namna iliyo rahisi. Waalimu huchukua sanduku la kioo, hulowesha kitambaa kwa spiriti na kukitandika juu ndani yake, na chini huweka bamba jeusi lililokalia barafu kavu. Mvuke wa spiriti hushuka, hupoa, ukawa tayari kuwa ukungu ila haujapata pa kushikia. Taa ikimulikwa, mara mstari mweupe huonekana, kisha hutoweka. Mara mwingine tena. Ni kama ule mstari uachwao nyuma na ndege ya angani. Kila mstari ni njia ya chembe moja iliyopita.

Nazo zatoka wapi? Nyingine hutoka katika hewa na vitu vilivyo karibu, na nyingine ni matunda ya miale itokayo mbali mno angani, iliyogunduliwa na Victor Hess mwaka wa 1912 alipopanda juu kwa puto. Kitanga cha mkono ulichofungua hupitiwa na chembe ya namna hii kama moja kila sekunde, mchana na usiku, wala husikii. Basi sisi wa Mbozi tulidhani tumeletewa kitu kimoja tu kutoka mbinguni, kumbe twanyeshewa kila siku!

5. Siku zetu tano

Sisi hatukufika Geneva. Lakini likizo moja tuliitwa pamoja na waalimu wenzetu kwa siku tano katika maabara ya chuo kimoja cha nyanda hizi za juu. Siku ya kwanza tuliona haya. Wengine wetu wana mvi, nao waliogopa kushika vyombo mbele ya vijana.

Siku ya tatu mkufunzi alituagiza tujaribu swali la Mpemba. Tulipima maji, tukaandika joto lake, tukaweka katika jokofu, tukakaa kungoja. Mara ya kwanza maji ya moto yalishindwa. Mara ya pili yakashindwa tena. Mara ya tatu yakatangulia. Tukatazamana. Mwenzetu mmoja akasema tuandike yale mawili tu, kwa kuwa hayo ndiyo yakubalianayo na kitabu. Mkufunzi hakukasirika. Alisema, “Andikeni yote matatu, ndugu zangu, kisha mwandike jokofu lilifunguliwa mara ngapi, na kila chombo kilikaa wapi.” Tulipofanya hivyo tuliona mambo mengi ambayo hatukuyaangalia: chombo kimoja kilikaa juu ya theluji ya jokofu na kingine juu ya bati tupu. Jioni ile tulielewa jambo ambalo hatukulielewa katika miaka yote ya chuo: kusema “sijui bado” si aibu ya mwalimu, ni mwanzo wa kazi yake.

Tena iko habari moja ipasayo kukumbukwa na kila apitaye Iringa. Ile shule ya Mkwawa, alipochekwa Mpemba, tangu mwaka wa 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, na waalimu wa sayansi hufunzwa humo. Mahali alipotaniwa mwuliza swali, ndipo wanapotayarishwa leo watakaoulizwa maswali.

6. Deni

Miezi iliyopita tulikwenda Tunduma kwa haja zetu. Karibu na malori yangojayo kuvuka kwenda Zambia, kijana mmoja aliyekuwa akilinda mizigo alituamkia, “Shikamoo, Mwalimu.” Tukaitika, “Marahaba, mwanangu,” ndipo tukamtambua. Ni yule wa Ndolezi.

Tukamwambia ya kuwa tuna deni lake. Tukamweleza tuliyoyapata: wataalamu wanaona ya kuwa Kimondo kilianguka zamani mno, maelfu ya miaka iliyopita, na kwa muda huo wote mvua na mmomonyoko wa udongo vimelifuta shimo hata lisionekane. Tukamwambia pia ya kuwa siku ile hatukujua, nasi tulimwonea. Alitazama chini kidogo. Kisha akainua uso, na macho yake yalikuwa yale yale ya mtoto aliyezunguka mara mbili. Akasema, “Basi, Mwalimu, wamejuaje ya kuwa ni zamani hivyo, ikiwa hapakuwa na mtu wa kuandika?”

Tukamjibu, “Hatujui, mwanangu. Tutauliza.”

Basi, ndugu waalimu, shauri letu ni dogo. Kila mmoja awe na daftari la maswali asiyoyaweza, aandike na jina la mtoto aliyeuliza. Likizo ikifika, aitwapo kwenye mafunzo, alichukue daftari hilo, aingie nalo maabara. Nanyi wazazi, msimwone mwalimu aendaye kusoma tena kuwa hakusoma vizuri hapo kwanza. Daftari letu tumekwisha kulinunua, na swali la kwanza lililoandikwa humo ni la kijana wa Tunduma.